Kaburi linaloitwa la Mwarabu, na msikiti uliokuwa wa udongo

"Ninafundisha historia katika sekondari moja ya kata hapa Ilemela, Mwanza. Nataka kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili kwenye misikiti na makaburi ya kale wajifunze historia ya utamaduni kwa macho, si kwa kukariri. Mkuu wangu wa shule anasema Mwanza haina kitu, mambo hayo yako Kilwa na Zanzibar, na fedha za basi hatuna. Mzee mmoja wa msikiti kaniambia kwenda kuangalia makaburi kwa ajili ya masomo ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Wazazi wawili Wakristo wameuliza kama watoto wao watalazimishwa kuingia msikitini. Juu ya yote, kijijini kwa wakwe zangu, kando ya Ziwa Victoria, kuna kaburi la mawe wanaloliita la Mwarabu. Vijana wanasema chini yake kuna rupia za Mjerumani. Bibi mmoja naye anataka lijengewe kwa saruji na marumaru lisije likapotea. Je, ni kweli huku hakuna cha kujifunza? Na hilo kaburi nifanyeje?"

Mwalimu, kabla ya lolote: mtu asiliguse hilo kaburi, si kwa jembe la wale vijana wala kwa mwiko wa fundi wa bibi. Sababu utaziona huko mbele. Sasa nirudi kwa mkuu wako wa shule, kwa maana naona neno lake ndilo lililokuuma, kwamba mtoto wa Ilemela akitaka kuona historia lazima kwanza atafute nauli.

Mkuu kasema nusu ya kweli. Ukitaka msikiti wa mawe wenye umri wa miaka mia saba, hutaupata hapa hata ukipekua mitaa yote kuanzia Igogo hadi Kirumba. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa karne ya 11 au ya 12, ukapanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14 enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta pale mwaka 1331. Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, ukuta wa msikiti una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Mji wetu ulianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1892. Ukizipanga tarehe hizo kwenye ubao, Mwanza inaonekana kama mtoto aliyechelewa shule.

Lakini mkuu anapima historia kwa mawe, na hapo ndipo anapokosea. Kisiwani Pate, upande wa Kenya, kuna magofu ya Shanga. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale palipo na msikiti wa Ijumaa wa mawe. Chini yake akakuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, akaendelea kushuka hadi kwenye mashimo matupu ya nguzo yaliyobaki udongoni. Hayo yalikuwa mabaki ya vijumba vya miti vya karne ya 8, vyenye nafasi ya watu wachache tu. Kwa hiyo hata huko pwani wanakokusifia, mambo yalianza kwa fito na udongo, na mawe yalikuja baadaye, watu walipokwisha kutulia na kutajirika. Tena nenda upande wa pili wa ziwa letu, Kampala, uangalie Kasubi walikozikwa Makabaka, wafalme wa Buganda. Ni nyumba ya miti, matete na nyasi, na UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ikaungua Machi 2010, ikajengwa upya. Humo kalala Mutesa I, kabaka aliyefunga Ramadhani miaka kumi hivi na kutaka watu wake wafunge pia. Kaburi lake si la Kiislamu, lakini huwezi kusimulia habari za Uislamu wa ziwa hili ukamruka.

Basi kwa nini huku hakukubaki kitu? Kwa sababu Waislamu wa kwanza wa kandokando ya ziwa walijenga kwa kilichokuwepo. Nyumba ya fito na udongo isipokandikwa misimu miwili mitatu, mvua inaanza na mchwa wanamalizia. Pwani walikuwa na matumbawe, chokaa waliyoichoma wenyewe, na boriti za mikoko. Mpaka leo ukiingia katika jengo la kale la Kiswahili utaona vyumba ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wa chumba haukuweza kuzidi urefu wa boriti. Mikoko haioti Mwanza, wala ziwa letu halina matumbawe. Kwa hiyo mtoto akikuuliza "Mwalimu, msikiti wa zamani uko wapi?", mjibu kwamba umekwenda na mvua, halafu mfanye aeleze sababu. Hilo pekee ni somo la kipindi kizima.

Watu wenyewe walikuwepo, na si wa juzi. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika jumba la Kabaka Suuna II mwaka 1844 akipitia njia ya misafara ya magharibi ya ziwa. Speke, msafiri Mwingereza anayetajwa vitabuni kwamba "aligundua" ziwa tarehe 3 Agosti 1858, alitokea Kazeh, yaani Tabora ya leo, ambako mfanyabiashara Snay bin Amir alikuwa ameshawaeleza yeye na mwenzake Burton kwamba kaskazini kuna maji makubwa. Msafiri mwingine, Stanley, alipofika Kageye, upande wa Magu, tarehe 27 Februari 1875, alikuta kijiji ambacho wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kukizoea. Mwenyeji wake mmoja aliitwa Songoro bin Tarib. Songoro huyo ndiye aliyeuawa Ukerewe Desemba 1877 pamoja na wamisionari wawili Waingereza, Smith na O'Neill, katika ugomvi wake na mtemi Lukonge. Kageye kutoka kwako ni mwendo wa daladala tu, wala huhitaji basi la kukodi.

Hapa nisimame kidogo kwenye neno "Mwarabu", kwa kuwa ndilo linaloharibu masomo ya watoto wetu kuliko ukosefu wa mawe. Vitabu vya Wazungu vinamwita Songoro Mwarabu. Nawe mwenyewe sikiliza hilo jina: Songoro. Utalisikia Mwanza hadi leo, na huwezi kulidhania la Maskati. Zamani huku bara kanzu, kilemba na kusali vilitosha mtu aitwe Mwarabu, na sisi tumeurithi uzembe huo. Waliouleta Uislamu ziwani walikuwa mchanganyiko. Waomani walikuwemo, naam, lakini walikuwemo pia Waswahili wa Mrima, yaani pwani ya bara, Wanyamwezi waliosilimu njiani, Wamanyema, na waliojiita waungwana, ambao baadhi yao walitoka utumwani. Wakaja askari wa Mjerumani, wengi wao Waislamu, Wasudani na Waswahili, na makarani wao. Wakaja Wahindi Waislamu wa madhehebu mbalimbali: Waismailia, Mabohora, Maithnaasheri na Masuni. Unapomwambia mtoto wa Kisukuma kwamba lile kaburi ni "la Mwarabu", umeshamwambia kwamba hilo si la kwao. Pengine aliyelala humo ni Mnyamwezi wa Tabora.

Pwani nako kosa hilohilo lilifanyika kwa ukubwa zaidi. Wataalamu wa mwanzo waliona misikiti ya mawe wakasema hii ni miji ya wageni. Baadaye uchimbaji kama ule wa Shanga ukaonyesha miji iliyokua palepale kutoka kwa wenyeji. Makaburi ya nguzo, yale ya Kaole karibu na Bagamoyo, Kunduchi, au Tongoni kule Tanga, yenye mnara umesimama kichwani na bakuli za Kichina zimepachikwa ukutani, ni mtindo wa Waswahili wenyewe. Bakuli ilitoka China lakini wazo la kuipachika pale ni la kwetu.

Sasa tuje kwenye namna ya kusoma msikiti. Chukua msikiti wowote wa zamani uliopo mjini, hata kama kuta zake zimepakwa rangi ya kijani mwaka jana na juu kuna bati jipya. Ingia na wanafunzi, wakae kimya dakika tano, kisha uwaulize: mistari ya zulia imekwendaje? Mara nyingi mtoto mmoja ataona kwamba mistari haiendi sambamba na ukuta, imekatiza mshazari. Hapo umepata mlango wa kuingilia. Kibla kwa mtu aliyepo Mwanza ni kaskazini ikiegemea mashariki kwa digrii 15 hivi. Kilwa, kwa kuwa iko karibu kabisa na mstari wa Makka, kibla chake kinakaribia kaskazini halisi. Barabara na viwanja vya mji havikupangwa kwa kufuata kibla. Sasa ikiwa kuta zimefuata barabara na safu za kuswalia zimekatiza mshazari, jengo hilo huenda halikuwa msikiti tangu mwanzo. Lilikuwa nyumba au duka, mwenyewe akaliweka wakfu. Ikiwa jengo lenyewe limepinda katika kiwanja chake na kuacha pembe za ajabu upande wa barabara, aliyelijenga alidhamiria msikiti tangu tofali la kwanza. Mzee wa kamati atakuthibitishia au atakukosoa, na akikukosoa ndipo penye utamu.

Tafuta pia mishono. Ukuta wa msikiti uliopanuliwa huwa na ufa wima usiozibika, fundi akipiga plasta unarudi, kwa sababu pale kuta mbili za nyakati mbili zimegusana bila kuumana. Nguzo zilizosimama katikati ya ukumbi bila mpango mara nyingi ni ukuta wa zamani wa nje uliotobolewa. Sehemu ya wanawake ilikuwepo tangu mwanzo au imeongezwa? Birika la kutawadhia bado lipo, au wameweka mabomba na birika limegeuzwa stoo ya ndoo? Reli kutoka pwani ilipofika Kisumu mwaka 1901, mizigo ikaanza kuvuka ziwa kwa meli. Ile ya Tabora ilipoingia Mwanza mwaka 1928, shehena za pwani zikaletwa hadi mjini kwetu. Muulize mzee ni lini nyasi ziliondoka paani na bati likaja, uone kama jibu lake linakwenda na tarehe hizo.

Na vibao. Hapa nina donda la zamani. Niliwahi kuingia msikiti mmoja mdogo, jina lake nitalihifadhi, nikaona juu ya mlango kibao cha jiwe chenye mistari minne ya maandishi. Sikuwa na kamera, nikasema nitarudi. Niliporudi baada ya wiki chache fundi alikuwa ameshapiga plasta ukuta mzima, kibao kikiwa humohumo ndani, na kamati imefurahi kwa kazi safi. Hakuna aliyekumbuka kilichoandikwa. Kwa hiyo piga picha ya kibao siku ileile unayokiona. Vingine vinataja aliyetoa kiwanja, vingine vina herufi EAMWS. Hiyo ni jumuiya ya ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoanzishwa na Aga Khan mwaka 1945, ikajenga misikiti na shule nyingi, ikapigwa marufuku hapa nchini mwaka 1968, mwaka uleule BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ilipoundwa. Ukiziona herufi hizo tano ukutani, tayari umeshajua jengo ni la kati ya miaka gani na gani, na una habari ya siasa ya miaka ya mwanzo ya uhuru ambayo kitabu cha kidato cha pili hakina nafasi nayo.

Makaburi yanataka uangalifu zaidi, kwa sababu ni rahisi kujidanganya. Watu wengi husema kaburi likilala mashariki kwa magharibi ni la Muislamu. Hebu tulipime hilo. Maiti wa Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia, ndani ya mwanandani, uso ukielekea kibla. Kwa Mwanza, ili uso utazame kaskazini na mashariki kidogo, kichwa lazima kiwe mashariki na miguu magharibi, na urefu wa kaburi unaukata mstari wa kibla kama msalaba. Wakristo nao kwa desturi ya zamani walimlaza mtu mashariki kwa magharibi, ila kichwa kiko magharibi ili atazame mawio. Kwa hiyo juu ya ardhi makaburi mawili hayo yanafanana sana. Tofauti ndogo inayobaki ni zile digrii 15. Kaburi lililochimbwa kwa kufuata kibla kwa makini litakuwa limepinda kutoka mashariki halisi kuelekea kusini kidogo, kama digrii 105 kwenye dira. Hata hivyo mchimbaji wa mwaka 1880 alikisia kwa jua, si kwa simu, kwa hiyo ukipata 95 au 115 usiruke na hitimisho. Na ukitumia simu, kaa mbali na nondo na magari. Nimewahi kupima kaburi lililozungushiwa uzio wa chuma, dira ikanionyesha kibla kiko Geita.

Jiwe lenye maandishi likiwepo, mambo yanakuwa mepesi. Katika makaburi ya zamani ya mijini utakuta jiwe moja lina lugha tatu: Kiarabu juu, Kigujarati katikati, Kiingereza chini. Mkao huo wenyewe unakusimulia marehemu alisali kwa lugha gani, aliongea gani na wakeze nyumbani, na alifanya biashara kwa ipi. Tarehe za Kiarabu zisikutishe. Wafundishe wanafunzi tarakimu kumi tu, dakika ishirini zinatosha. Wakiona ١٣٤٥ wataisoma 1345. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha jumlisha 622. Hapo utapata 1926 na ushei, na kweli mwaka 1345 ulianza Julai 1926. Jaribuni na ule wa Kizimkazi: 500 mara 0.97 ni 485, ongeza 622, unapata 1107. Walimu wa hisabati watakupenda. Angalizo moja ni kwamba mawe ya Waislamu wa asili ya India huandika nne, tano na sita kwa umbo la Kiajemi, ۴ ۵ ۶, kwa hiyo mtoto aliyejifunza madrasa anaweza kukwama hapo. Angalizo la pili, jiwe linaweza kuwa limewekwa na wajukuu miaka arobaini baada ya mazishi. Jiwe linakupa tarehe iliyoandikwa, na umri wa jiwe lenyewe ni jambo jingine.

Usiwapitishe watoto juu ya utumwa kwa haraka kwa sababu ni jambo la aibu. Misafara iliyokuja ziwani ilifuata pembe na watu. Baadhi ya waliolala kwenye makaburi mazuri waliuza wenzao, na waliouzwa wengi hawana kaburi la kuonyesha. Lakini uwape na habari ya Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, Yahya bin Abdallah. Aliletwa kutoka Manyema mtumwa akiwa bado mtoto, akasoma, akawa khalifa, yaani kiongozi, mkubwa wa tarika ya Kadiria aliyevuta wafuasi hadi bara. Alifariki mwaka 1931, na watu wanaendelea kuzuru kaburi lake. Kaburi moja la namna hiyo linaeleza kuinuka kwa mtu vizuri kuliko sura nzima ya kitabu.

Na yule mzee wa msikiti usimwone mkaidi. Mimi si mufti, hukumu nitawaachia wenyewe, ila ninafahamu anachokihofia. Kuna hadithi katika Sahihi Muslim, kitabu cha hadithi za Mtume, inayokataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Na kuna nyingine humohumo ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, anasema alikuwa amewakataza kuzuru makaburi, sasa yazuruni. Mzee anaogopa watoto wasije wakaanza kuomba kwa wafu. Mwambie huendi kutabaruku, yaani kutafuta baraka, wala kuchukua udongo, unakwenda kusoma tarehe, na umwombe awe yeye wa kwanza kutoa salamu mlangoni, watoto wamfuate. Nimeona wazee waliokataa kwa nguvu wakigeuka kuwa walimu bora wa siku ile, mara tu walipoombwa waongoze badala ya kuombwa ruhusa tu. Akishikilia msimamo wake, heshimu, uende msikiti mwingine. Usilumbane naye kwa hadithi ulizozipata kwangu.

Kwa wazazi wale wawili jibu ni fupi. Hakuna mtoto anayelazimishwa, na kuingia msikitini siyo kuswali. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa nchi hii, asiye Muislamu anaweza kuingia msikiti kwa idhini ya Waislamu, ukiondoa Msikiti Mtukufu wa Makka. Sira, yaani habari za maisha ya Mtume, nayo inasimulia Wakristo wa Najran walivyopokelewa katika msikiti wa Mtume Madina. Mtoto ambaye mzazi wake hataki abaki nje achore mandhari ya jengo, kazi ambayo ni ngumu kuliko ya walio ndani. Na muhula ujao wapeleke wote Makumbusho ya Bujora pale Kisesa na kanisa moja la zamani, wazazi waone mwalimu hana upande.

Nenda katikati ya wiki, saa tatu asubuhi, si Ijumaa. Peleka barua kwa imamu na kamati wiki mbili kabla. Wasichana wavae mitandio, viatu vyote viachwe nje, na wasizidi ishirini kwa zamu. Kila kundi la wanne lipewe kazi moja tu: hawa wapime kwa hatua wachore ramani, hawa waandike vibao, hawa wahesabu nguzo na mishono, na hawa wakae na mzee mmoja wamuulize majina ya maimamu kuanzia wa sasa kurudi nyuma hadi kumbukumbu itakapokoma. Hiyo orodha ya maimamu ni ya thamani kuliko picha zote mtakazopiga, kwa sababu majina yataonyesha Mmanyema yuko wapi, Msukuma wa kwanza aliingia lini, na Mngazija, mtu wa Komoro, alipita kati ya nani na nani. Iandikeni mbili, moja mwachie mzee.

Nimelirudia kaburi. Vijana na rupia zao ndio wepesi kujibu. Muislamu huzikwa na sanda, basi, hawekewi mali. Kama kaburi ni la enzi za misafara, yaani kabla ya 1890, rupia za Mjerumani zilikuwa bado hazijafika huku. Biashara ya ziwani wakati huo ilifanywa kwa merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Watakachokikuta ni mifupa, na mkono wa sheria, maana kufukua kaburi ni kosa la jinai. Waambie hivyo mbele ya mtendaji wa kijiji. Tetesi za hazina zinakufa haraka zikisemwa hadharani.

Bibi ni mgumu zaidi, kwa sababu nia yake ni njema. Lakini saruji itafanya mambo matatu mabaya. Itaziba maji ndani ya mawe yaliyopangwa kwa udongo, yashindwe kupumua, na baada ya mvua chache yatapasuka kwa ndani huku nje pakipendeza. Itafunika mpangilio wa mawe na upande wa kichwa, vile vitu viwili ambavyo vingetuambia ni kaburi la nani. Na itamgombanisha na yule mzee wa msikiti, maana hapo hadithi ya kutojengea makaburi na ushauri wa wahifadhi vinakutana. Mpe bibi kazi nyingine ya kulitunza: kufyeka majani kwa mkono bila kung'oa mizizi iliyoingia kati ya mawe, kufukuza mbuzi, na kusimulia alichosikia kwa mama yake kuhusu aliyelala pale, ukimrekodi. Kama anataka ua, upandwe hatua tatu kutoka kaburini.

Kisheria usitegemee ulinzi wa moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo na makaburi ya kabla ya mwaka 1863. Mengi ya huku kwetu ni ya miaka ya 1870 na kuendelea, hayaguswi na tarehe hiyo mpaka waziri ayatangaze. Sijawahi kuelewa kwa nini bara ipimwe kwa kalenda inayoifaa pwani, lakini ndivyo ilivyo. Anza na afisa utamaduni wa halmashauri, umpe picha na vipimo, aandike kwa Idara ya Malikale. Nakala ipate ofisi ya sheikh wa wilaya, ili baadaye isisemekane kaburi la Muislamu limeamuliwa bila Waislamu.

Yapo mambo ambayo usiyamalize kwa simu wala kwa maelezo yangu haya. Ukikuta pamechimbwa, nenda polisi siku hiyohiyo na usifukie kabla hawajaona. Mifupa ikitokeza, funika kwa kitambaa safi, simamisha kila kitu, ita polisi na sheikh kwa pamoja. Maandishi ya jiwe yakiwa yamefifia, usiyapake chaki wala kuyasugua kwa brashi ya chuma. Mpeleke mtu wa akiolojia alione kwa macho yake. Kabla hajafika, wewe nenda saa moja asubuhi jua likiwa chini, mwanafunzi ashike kioo cha kujitazamia pembeni ya jiwe na kuutupa mwanga ubavuni, piga picha. Herufi zilizokuwa hazionekani kabisa saa sita zitasimama zenyewe.

Na kwa kuwa umesema liko kando ya ziwa, pima leo umbali wake hadi majini. Mei 2020 ziwa lilipanda kuliko wakati wowote uliokuwa umerekodiwa hadi hapo, likala fukwe na mashamba, na kuna makaburi ya ukingoni ambayo hayatalihimili likipanda hivyo tena. Chomeka kigingi cha mti mgumu hatua kumi upande wa juu wa kaburi. Kila mwezi simama kwenye kigingi hicho, upige picha moja ukilielekea ziwa, uandike tarehe nyuma yake. Ukiona ukingo umesogea hatua hata mbili ndani ya msimu mmoja wa mvua, usingoje barua ya Malikale ijibiwe. Mfuate afisa utamaduni ofisini na zile picha mkononi.